Toleo la Pili na Nusu

Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa kinatakiwa na mahindi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo mkuu wa shule alivyolitangaza jambo lenyewe paredi, Jumatatu asubuhi, kana kwamba mahindi yalikwenda ofisini kwake, yakatoa shikamoo, yakakabidhi barua ya maombi.

"Mahindi yanahitaji chumba kikavu," alisema. "Kule maabara panya wanaingia. Chumba cha kompyuta kina nyavu madirishani, kina mlango wa chuma. Na ndani yake mna nini?"

Akanyamaza ili tujibu. Akajijibu mwenyewe.

"Mna watoto wanaocheza karata."

Shule nzima ikageuka kunitazama mimi. Nilitazama mbele, kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa.

Basi akatoa masharti. Siku ya wazazi ilikuwa imebaki wiki tatu. Siku hiyo kilabu ya kompyuta iwaonyeshe wazazi kitu kimoja, kimoja tu, cha kumsaidia binadamu. Kikionekana, chumba kinabaki chetu. Kisipoonekana, toroli la magunia litakuwa mlangoni siku hiyo hiyo, wala asije mtu kulia ofisini kwake.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kilabu tulikuwa kumi na mmoja, kompyuta nane, na kati ya hizo nane, saba zilikuwa kongwe kiasi kwamba ukiziwasha unaweza kwenda kunawa uso ukarudi ukazikuta bado zinajifikiria. Ya nne haikuwa na herufi A. Anayekaa pale ilimbidi atafute maneno yasiyo na A, na kwa Kiswahili hiyo ni adhabu. Ya nane tu ndiyo ilikuwa mpya mpya, na mwenyekiti wa kilabu aliifunika kitambaa cha kudarizi kama redio ya babu yake.

Sitajifanya kuwa nilikipenda chumba kile kwa ajili ya elimu. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa mahali pekee ambapo nikikosea hakuna anayenipigia kelele. Mashine inakuandikia tu kwamba umekosea mstari wa kumi na mbili, basi, haikwambii mbona dada yako hakuwa hivi. Nyumbani kwetu Chumbageni kompyuta hatuna. Mama ana simu, na simu ya mama ni ya mama. Kikichukuliwa kile chumba, mimi ningebaki msichana mwenye mdomo mrefu asiye na pa kuupeleka.

Bahati nzuri kitu cha kumsaidia binadamu nilikuwa nacho. Bibi yangu, mzaa mama, analima mwani kule Moa. Mwani hulimwa baharini, kamba zimefungwa kwenye vigingi, na mkulima hawezi kuvifikia mpaka maji yapwe, yaani yarudi nyuma. Kwa hiyo jambo la kwanza mkulima wa mwani anataka kulijua kila siku ni saa ya maji kupwa. Saa hiyo haikai mahali pamoja. Kila siku inasogea mbele karibu dakika arobaini na nane. Nikiwa kidato cha pili niliandika programu: unaipa siku ya mwezi mwandamo, inakupa saa ya maji kupwa. Niliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, toleo la pili, kwa sababu ndilo lililokuwamo kwenye mashine zote tangu zilipokuja.

Ilifanya kazi. Yaani ilitoa namba. Sikuwahi kumwonyesha bibi, lakini namba ilitoa.

Tungeweza kulala usingizi hizo wiki tatu. Lakini wiki ile ile akaja mwalimu wa mazoezi, wale wanaotoka chuo kuja kujifunza kufundisha kwa kututumia sisi. Alikuwa kijana wa bara, mpole, shati limechomekwa mpaka linamwumiza. Akaangalia mashine, akaangalia programu yangu, akasema kwa huzuni kama daktari:

"Hili ni toleo la pili. Dunia nzima sasa inatumia la tatu."

Akatuonyesha tofauti. Ukitaka kompyuta iandike neno kwenye skrini unaiambia print. Kwenye toleo la pili unasema print halafu neno lako, basi. Kwenye la tatu ni lazima neno uliweke ndani ya mabano. Bila mabano haliandiki ng'o, linakutolea ukali. Akaandika ubaoni Shikamoo bila mabano, na chini yake Shikamoo ndani ya mabano, akaweka tiki kwenye ile ya chini.

Mwenyekiti akaanza kuandika daftarini kwa haraka. Alikuwa kijana wa Pemba, mtu wa kupiga pasi hata soksi, na alikuwa anapenda sheria mpya kama wengine wanavyopenda ubuyu.

"Kuanzia leo kilabu inatumia la tatu," alisema.

Sasa, ukweli wa Mungu. Programu yangu ilikuwa na print hamsini na kitu. Kuweka mabano hamsini na kitu, kufungua na kufunga, nikaona uvivu. Lakini huwezi kusimama mbele ya watu ukasema naona uvivu. Kwa hiyo nikasimama nikasema:

"Mwalimu, samahani. Mimi nimelelewa kwamba shikamoo haifungiwi. Mtu mzima unamtolea shikamoo hadharani, huiweki kwenye mabano kama siri."

Watu wakapiga meza. Mwenyekiti akanigeukia.

"Weye wataka kutuangusha kwa ajili ya mzaha."

"Mzaha gani? La tatu mashine saba zimelikataa. Mwalimu kajaribu hapa mbele yetu."

"Mashine ndizo kongwe!"

"Na sisi ndizo tulizonazo."

Na kweli mashine zile saba zilikuwa za kale mno, toleo la tatu halikutaka hata kukanyaga ndani. Lilikubali ile ya nane peke yake, ile ya kitambaa. Kwa hiyo hata mimi nilikuwa na hoja, ingawa niliiokota baada ya kuanza ugomvi.

Jioni ile kilabu ikawa imegawanyika, watano huku, watano kule, na mmoja ambaye alikuwa anakaa kwenye mashine isiyo na A akasema yeye matatizo yake ni mengine. Kesho yake maneno yalishatoka nje. Wa Tatu wakatuita sisi watembea uchi, kwa sababu ya kukosa mabano. Sisi tukawaita wao wavaa kanzu bafuni. Kwenye foleni ya uji watu wakawa wanasalimiana kwa vidole, viwili au vitatu, na ukikutana na mwenye vidole tofauti unageuza kikombe. Watoto wa kidato cha kwanza, ambao kompyuta walikuwa wameiona kupitia dirishani tu, wakawa wanaulizana chooni, "Wewe wa ngapi?" Mmoja akamuuliza mama wa jikoni. Mama wa jikoni akageuza mwiko kwenye sufuria akasema:

"Mie wa kwanza. Hao wengine wote walinikuta."

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Hakuna aliyegusa kibodi.

Wiki ya pili mkuu wa shule akaitisha kikao. Hapa inabidi nieleze jambo moja. Mkuu wetu saa za kazi alikuwa mkuu wa shule, lakini saa za jioni alikuwa msuluhishi wa ndoa mtaani kwao. Wanaotaka kuachana huletwa barazani kwake, mume na jamaa zake upande huu, mke na jamaa zake upande ule, yeye katikati na birika la kahawa. Alijisifu kwamba hakuna waliotoka pale bila kukutana katikati. Na alikuwa na njia moja tu ya kusuluhisha, akaitumia kwa ndoa, kwa mipaka ya viwanja, na kwa waliogombea goli la mkono.

Kikao kikafunguliwa kwa dua. Halafu utambulisho, kila mtu ataje jina na kidato, ingawa tulikuwa tunajuana tangu tuna meno ya utoto. Mimi nikateuliwa katibu, nadhani ili mikono yangu ipate kazi.

"Nimesikia nyumba hii ina fujo," alianza mkuu. "Kuna wa pili na kuna wa tatu. Nataka kujua kwanza, huyu wa pili kosa lake nini?"

Mwalimu wa mazoezi akainuka, akachomekea shati ambalo lilikuwa limechomekwa tayari.

"Si kosa, mkuu. Ni kwamba waliolitengeneza toleo la pili wameacha kulitunza."

Mkuu akaweka kalamu chini taratibu.

"Wameacha matunzo."

"Ndiyo, mkuu."

"Muda gani?"

"Miaka kadhaa sasa."

"Na hamkuwaita wakaulizwa?"

"Wako mbali, mkuu. Wako nchi mbalimbali."

"Hao ndio nawajua mimi," mkuu alisema, akatikisa kichwa. "Hao ndio kazi yangu ya kila jioni. Endelea."

Nikanyoosha mkono wa kalamu. "Mkuu, wa pili hana baya. Amezilea mashine zote tangu zije. Huyu wa tatu kaja juzi, na akifika anachagua nyumba. Saba kazikataa, anaitaka ile mpya tu yenye kitambaa."

"Hazikatai!" Mwenyekiti aliruka. "Mkuu, huyu katibu aandike, asiseme!"

"Usimkatize mwenzio. Zamu yako itafika." Mkuu akafikiri. "Je, hawawezi kukaa nyumba moja kwa zamu? Wa pili Jumatatu mpaka Jumatano, wa tatu Alhamisi na Ijumaa?"

Mwalimu wa mazoezi akavuta pumzi. Nadhani ndipo aliposhindwa kujizuia.

"Mkuu, kwa kifupi, toleo la pili limekufa."

"Limekufa au limeachwa?" Mkuu aliuliza papo hapo. "Maana hayo ni mambo mawili. Likiachwa lina eda yake, na likifa lina eda yake. Likiwa limekufa ni miezi minne na siku kumi, na siku ya wazazi itakuwa imepita."

Mtu mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mkuu," mwenyekiti alisema polepole, kwa adabu zote, "eda hukaa mke. Hapa mke nani?"

Sote, na mkuu mwenyewe, tukageuka tukazitazama kompyuta. Ya tano ikatoa mlio. Naapa. Mimi nikaandika kwenye muhtasari: *suala la mke liliahirishwa.*

Basi mkuu akafanya alichokuwa anajua kufanya. Akanyoosha mikono miwili, mmoja upande wetu, mmoja upande wao, akaikutanisha katikati.

"Hawa wanataka mbili. Wale wanataka tatu. Kila upande ulegeze kamba. Shule hii itatumia mbili na nusu. Katibu, andika."

Niliandika. Nilikuwa nalia machozi ya kicheko, yakadondokea kwenye muhtasari mpaka leo kuna doa. Mwalimu wa mazoezi akafungua mdomo.

"Mwalimu," mkuu alimwahi, "ukishaoa utaelewa."

Nilidhani huo ndio mzaha mkubwa kuliko mizaha yote niliyowahi kuiona, na sikuutunga mimi, nikaona wivu kidogo. Mpaka nilipomkuta mwalimu wa mazoezi nje ya darasa ameinamia simu yake, uso umempauka kama aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

"Tatizo," aliniambia, "ni kwamba lipo."

"Lipo nini?"

"Toleo la pili na nusu. Mbili nukta tano, kongwe kuliko hili lenu, ambalo ni mbili nukta saba. Limetoka wewe hujazaliwa. Na bado linapatikana."

Tukatazamana.

"Usimwambie mkuu," alisema.

Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya kwenda ofisini.

Mkuu hakushangaa hata chembe. "Nilijua," alisema, akarudi kwenye faili lake. Kwa hiyo wiki ya tatu tukaimaliza kwa kutoa la pili na kuingiza la pili na nusu, mashine moja baada ya nyingine, mwalimu wa mazoezi akifanya kazi hiyo kwa uso wa mtu anayevuta jiwe kwenda kisimani. Kilabu ikapatana kabisa. Wa Pili walikuwa wamerudishwa nyuma, Wa Tatu walikuwa wamerudishwa nyuma zaidi, na msiba ukatuunganisha. Mwenyekiti tu ndiye aliyeiacha mashine ya nane vile vile na la tatu lake, chini ya kitambaa, na kwa siri akainakili programu yangu humo na kuiwekea mabano yote hamsini na kitu. Lazima nikiri alifanya kazi safi.

Mtu anaweza kuuliza: katika wiki zote tatu, kuna aliyekaa chini akaangalia zile namba za maji kama ni za kweli? Jibu ni kwamba tulikuwa na shughuli nyingi.

Siku ya wazazi ikafika. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo alikuja bibi kutoka Moa, amepanda bodaboda halafu basi, akiwa na kanga mbili mpya na viatu vya harusini. Alipoingia nilimtolea shikamoo, akaniitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Umekonda. Au ni ujeuri umepungua?" Nikamwambia aketi aone ujeuri unavyofanya kazi.

Chumba kilijaa wazazi. Wengi akina mama, na sauti za wengi wao zilikuwa za pwani ya kaskazini, watu wa kuingia majini. Mlangoni, kama tulivyoahidiwa, palikuwa na toroli na vijana wawili wa kidato cha nne na magunia matatu ya mwanzo. Yale mengine yalikuwa yanasubiri maabara pamoja na panya.

Mkuu akahutubia. Akasema shule imepiga hatua, kwamba palikuwa na mvutano kati ya matoleo mawili, na kwamba sasa tunatumia toleo la pili na nusu lililopatikana kwa maridhiano. Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu wa mazoezi akatazama dari.

Nikakaa kwenye mashine ya kwanza. "Mama zangu, mnajua bamvua linapoingia, maji yakijaa na kupwa kuliko siku zote, mtu anataka kujua maji yatakupwa saa ngapi. Mimi nitaiuliza kompyuta. Siku ya kwanza ya mwezi."

Nikaandika moja. Skrini ikaandika: *Maji kupwa saa 4.*

Makofi. Mama mmoja nyuma akasema, "Kweli, mwezi mosi ni saa nne." Mkuu akatabasamu mpaka masikioni. Hapo ningesimama, ningesema asanteni, ningekuwa shujaa.

"Mwezi pili je?" Aliuliza bibi yangu.

Nikaandika mbili. Skrini ikaandika: *Maji kupwa saa 4.*

Bibi akasogea karibu. Akavaa miwani.

"Mwezi mosi saa nne. Mwezi pili saa nne."

"Ndiyo, bibi."

"Maji yalipumzika?"

Akina mama wakaanza kunong'onezana. Mwenyekiti hapo akaona siku yake imefika. Akaruka mpaka mashine ya nane, akavua kitambaa.

"Si nilisema! La pili linakula dakika! La tatu halili dakika!" Akaandika mbili, akasimama wima, akasoma kwa sauti ya kuhutubia. "Saa nne nukta nane! Yaani saa nne na dakika nane!"

Bibi akamgeukia.

"Mwanangu, maji yachelewe dakika nane tu toka mwezi mosi hadi mwezi pili? Weye kwenu wapi?"

"Pemba, bibi."

"Na Pemba maji hayaendi?"

Chumba kikavunjika kwa vicheko. Mwenyekiti akakaa chini kama kamba imekatwa. Mkuu akakohoa, na kikohozi kile wale vijana wa toroli walikielewa, kwa sababu gurudumu likapanda kizingiti, na gunia la kwanza likatua ndani ya chumba chetu, puu, karibu na mlango, pembeni ya mashine isiyo na A.

"Bibi," nilisema, na nilisema kwa sababu mdomo wangu ukiogopa hufanya hivyo, "dakika zimekwenda kunywa chai."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza nisikie mzaha wangu ukianguka chini na kubaki pale.

"Na mie nifike pale na chai yangu," alisema bibi, "nikae nizingoje?" Halafu akatembea mpaka lilipotua lile gunia, akalikalia. Lilikuwa pale mlangoni, katikati ya njia. Toroli lisingeweza kupita. "Nazitaka dakika zangu. Sina haraka. Leo maji nimeyaacha."

Kijana wa toroli akamtazama mkuu. Mkuu akamtazama bibi. Mtu mzima aliyekaa humsimamishi.

Nikaifungua programu. Nikaona mstari uleule niliouandika kidato cha pili: chukua dakika zote, gawanya kwa sitini. Mwenyekiti akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Nilingoja aseme kitu cha kuniudhi.

"Siku ya pili ni dakika ngapi?" Aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mia mbili themanini na nane."

"Gawa kwa sitini."

"Nne."

"Inabaki?"

Inabaki arobaini na nane. Mtoto wa darasa la nne anaijua hesabu hiyo, inagawanyika, inabaki. La pili lilikuwa limetoa nne na kutupa kilichobaki. La tatu lilikuwa limetoa nne nukta nane, na ile nukta nane si dakika nane, ni sehemu nane katika kumi za saa nzima, ambazo ni zile zile dakika arobaini na nane. Wote wawili walikuwa wametuambia, kila mmoja kwa lugha yake, na sisi tulikuwa tunapigana vidole kwenye foleni ya uji.

Tukamwangalia mwalimu wa mazoezi. Maskini, alikuwa amejibana ukutani, mikono mfukoni, kama mtu aliyeambiwa na mkuu kwamba ataelewa akioa.

"Mikwaju miwili," alisema. "Badala ya mkwaju mmoja, ile alama ya kugawanya, weka miwili, itakupa saa nzima. Halafu alama ya asilimia, itakupa kinachobaki."

"Kwa toleo lipi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Weka tu."

Nikaweka. Mwenyekiti akarudi mbio kwenye ya nane, naye akaweka. Nikaandika mbili, naye akaandika mbili, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze mashine zile mbili zikasema kitu kimoja: *Maji kupwa saa 4 dakika 48.*

Bibi hakuinuka. Alinyoosha shingo, akahesabu kwenye pingili za vidole, midomo ikitembea.

"Hapo sawa," alisema. "Mwezi tatu?"

"Saa tano, dakika thelathini na sita."

"Mwezi nne?"

"Saa sita, dakika ishirini na nne."

"Hapo sawa. Niandikie kwenye karatasi, mwezi mzima, na kwa herufi kubwa."

Akina mama wakanizingira. Mmoja wa kuokota pweza alitaka za bamvua tu. Mwingine alitaka karatasi mbili, moja ya dada yake. Mwenyekiti akapanga foleni, na nani mwingine angepanga foleni ile kama si yeye, akamuuliza kila mmoja siku, akanisomea. Mimi nikawa naandika kwa mkono, kwa sababu mashine ya kuchapia hatukuwa nayo.

Mkuu akajipenyeza mpaka mezani.

"Sasa hii," aliuliza, akionyesha skrini, "ni toleo gani?"

Mwalimu wa mazoezi alinitazama, akamtazama mwenyekiti, akaamua kufa kiume.

"Lolote, mkuu. Ukiandika hivi matoleo yote yanakubaliana."

"Lolote?"

"Lolote."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mkuu."

Mkuu akaitazama skrini, kisha akaitazama mikono yake miwili. Nadhani alikuwa anawafikiria watu wote waliowahi kukaa barazani kwake.

"Muhtasari wa kikao," aliniambia hatimaye, "ubaki kama ulivyo."

Halafu akageuka mlangoni. Vijana wa toroli walikuwa wamechoka, wamekaa kwenye magunia mawili yaliyobaki nje. Bibi yangu alikuwa bado juu ya lile la ndani, karatasi mkononi, anaisoma kwa kuisogeza mbali na karibu.

"Mama," mkuu alimwambia kwa heshima zote, "tunaomba gunia letu."

"Lichukueni," alisema bibi. "Mie namngoja mjukuu wangu amalize kazi." Akainuka, akafuta kanga, akasimama pembeni.

Wale vijana wakalibeba. Wakaangalia ndani ya chumba, foleni imefika mpaka mashine ya sita, wakamuuliza mkuu waliweke wapi. Mkuu akafikiri, akatazama huku na huku, akawaambia walirudishe nje kwanza. Kisha wakauliza, na yale mengine? Akasema, "Ofisini kwangu. Pana nyavu." Tukasikia toroli likienda zake.

Bamvua lililofuata lilikuwa katikati ya wiki ya vipindi. Tulikuwa ndani, kumi na mmoja wote, mimi na mwenyekiti tunabishana kama programu iseme "dakika" au iseme "na dakika", watu wameanza kuchagua upande. Nje tukasikia sauti za akina mama wa mwani, wengi, na katikati yao sauti ya mkuu akiwaelekeza njia. Mkuu wetu huingia darasa lolote kama upepo, hata la mtihani. Siku hiyo nyayo zikafika mlangoni, zikasimama.

Akagonga.

Tukatazamana. Mwenyekiti akanisukuma kwa kiwiko, nami nikasema, kwa sauti ya mtu aliye kwake:

"Karibu, mkuu."

Akaingia, vumbi la magunia ya mahindi mabegani.